Upande wa Bonde

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, simu na kabati la vitabu vya picha, nikaambiwa niuze safari za treni katika nchi ambayo haikuwa na treni ya abiria hata moja. Ofisi ilikuwa Al Sadd, juu ya duka la manukato, miaka mingi kabla ya metro ya Doha. Wateja walikuwa wakazi waliochoshwa na joto na tambarare, wakitaka kwenda ng'ambo kupanda treni za milimani.

Mudir, ndivyo tulivyomwita meneja, alinitoa mapokezi ya hoteli kwa sababu moja: baba yangu alikuwa stesheni masta Timboroa, juu kabisa kwenye reli ya kwetu Kenya, nami nilikulia kando ya njia. Alinipima kwa kuniuliza kwa nini reli ya mlimani huzunguka sana. Nikamwambia gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, hivyo treni haiwezi kuukabili mlima uso kwa uso kama gari. Akaniajiri papo hapo.

Ninyi vijana mnaonunua safari kwa simu hamkuiona kazi ile. Kwa kila safari niliandaa karatasi ya njia: mahandaki, madaraja, stesheni ambapo treni mbili hupishana na, muhimu kuliko yote, upande wa kukaa. Mlimani, abiria wa upande mmoja huona bonde. Wa upande wa pili huona ukuta wa mawe. Walikuwepo pia watazamaji wa treni hasa, wanaosimama darajani saa nzima wakisubiri kichwa cha treni kipite ili waandike namba yake. Hao niliwapenda kama ndugu. Lakini katika miaka sita, sikupanda hata treni moja kati ya zile nilizouza.

Ndipo ikatokea nafasi ya kiongozi wa msafara, kupeleka wateja kwenye milima ya chai ya Sri Lanka. Nilianza kuwaza sweta nitakayovaa. Mudir akamteua Rehema, binti wa Tanga ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu ofisini.

Nilipomwuliza sababu, hakuzunguka. "Selina, wewe unazijua treni. Rehema anawajua watu."

Wiki ile sikula vizuri. Rehema alikuja dawatini kwangu kila siku kuuliza, handaki ni refu kiasi gani, baridi ya huko ikoje, nami nilimjibu huku nikitazama mikono yake ikiandika mambo yangu katika daftari lake. Kicheko chake kilinichoma. Hata kuniita dada kulinichoma.

Tiketi za viti nilizikata mimi. Katika njia ile, treni huingia stesheni moja katikati na kutoka kwa kurudi ilikotoka: kichwa hukatwa mbele, kikafungwa nyuma, na aliyekuwa upande wa bonde hujikuta upande wa ukuta. Nililijua hilo vizuri. Nikaandika viti vya kulia, ambavyo baada ya stesheni ile hutazama ukuta hadi mwisho, nikanyamaza.

"Dada, ni kulia kweli?" aliuliza.

"Kulia."

Wateja walirudi wamekasirika. Walikuwa wametazama mawe kwa saa nne, na mama mmoja Mmisri, aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, alisema ile ndiyo safari aliyoitunzia nuru ya macho iliyobaki. Mudir akaamua Rehema arudishwe kwao. Nilisubiri Rehema ataje karatasi yangu. Hakuitaja. Alisema ameisoma vibaya.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu niliingia kwa Mudir nikamweleza yote, Rehema akiwa amesimama hapo.

"Nilidhani umekosea tu," alisema Rehema. "Kosa ningelibeba, maana una watoto shuleni."

Mudir alimrudishia Rehema kazi yake. Mimi alinihamishia kaunta yetu ndogo ya The Pearl, kisiwa kilichojengwa pwani ya Doha, nikauze tiketi za boti na chakula cha jioni, akaniambia sitaongoza msafara akiwa hai. Alitimiza. Yule mama Mmisri nilimpigia kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akakata simu.

Rehema aliongoza misafara miaka yote iliyofuata. Aliendelea kuniomba karatasi za njia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeziweza, ila hakuniita dada tena. Wiki yangu ya mwisho alikuja kaunta kuchukua moja. Niliiandika kwa uangalifu, kila kona, kila mahali treni inapogeuka. Akafungua ramani yake, akaikagua karatasi mstari kwa mstari mbele yangu, nami nikasimama nikisubiri. Hakukuta kosa. Akashukuru kwa heshima, akaenda zake uwanja wa ndege.

Sasa niko Eldoret, na watu huniuliza nilifaidi nini huko. Huwaeleza kazi, mishahara, nyumba niliyojenga. Rehema bado hutuma picha kwenye kundi letu la zamani, amejitokeza mlangoni mwa behewa, mashamba ya chai chini yake. Ninazitazama zote hadi ya mwisho. Nimestaafu mimi, wivu wangu haujastaafu.