Matundu ya Mawe ya Majengo

Kukariri bila kuelewa ni uvivu uliovaa nguo za bidii. Ninalikumbuka kosa hilo kila ninaponusa uji unaochemka, kwa kuwa harufu hiyo hunirudisha uani kwetu katika mtaa wa Majengo, chini ya mlima wa volkano, ambako kila alfajiri dada yangu Furaha alitembea huku na huko juu ya mawe meusi ya lava, akitamka masomo yake ya jiolojia kwa Kifaransa bila kuruka hata nukta. Sisi wadogo tulimfuata nyuma tukipiga kelele: "Radio! Radio iko na betri mupya!"

Hakucheka. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka mtihani wa kuingia chuo kikuu, na Papa, baba yetu, alikuwa amekata shauri: akianguka tena, atakwenda mji mdogo wa Kiwanja kuuza maharage pamoja na shangazi.

Jirani yetu, mwalimu wa sekondari, alimsikiliza asubuhi moja, kisha akamwambia, "Ni muzuri. Sasa mufasirie mama yako kwa Kiswahili."

Mama alikuwa akikoroga uji. Furaha alianza vizuri: moto ulishuka kutoka mlimani, ukapoa, ukawa mawe. Mama, aliyewahi kuukimbia moto huo na sufuria kichwani, akaokota jiwe.

"Na hii matundu, ni nani alitoboa?"

Tuliangua kicheko. Machozi yakamlengalenga Furaha.

"Sijui, Mama."

"Voilà!" alisema mwalimu, uso ukimeremeta. "Chuo kikuu kinaanzia hapo."

Furaha aliinamisha kichwa juu ya sufuria. Povu lilipanda, likapasuka, likaacha vishimo. Akaruka.

"Ni hewa! Ilitafuta kutoka, lava ikapoa, ikaifungia ndani!"

Siku ya mtihani wa mdomo, mtahini mmoja alimkatiza kwa swali ambalo hakulikariri. Mwaka uliotangulia, hapo ndipo aliponyamaza. Safari hii alikiri kwamba hajui, akaomba nafasi, akafikiri kwa sauti mbele ya watahini. Walimpokea.

Nikiwa mtoto, wasomaji wangu, niliamini kwamba mwalimu yule alimwaibisha dada yangu mbele yetu. Leo, ninapowapokea vijana wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu ninachofundisha, wanaotetemeka kutamka "sijui", ndipo ninapofahamu kwamba alimpa ruhusa ambayo miaka yote ya shule ilimnyima. Jirani yetu huyo, mwalimu, aliitwa Madame Kavira.