Kimo cha Ombi la Mama Mkwe

Mwaka ule nilikuwa na haja moja tu duniani: mama wa mpenzi wangu akubali posa yangu. Sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na kompyuta ya mtumba na ujuzi wa kutengeneza programu za simu nilioupata mtaa wa Ruti, mjini Mbarara. Kwa watu wetu, waliotoka Kivu ya Kusini na ambao hadi leo wanaota mifugo, hiyo si mali ya kumwonyesha mkwe.

Basi nikajipendekeza kanisani, alikosali pia mama huyo. Niliwatengenezea waumini wenzangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale programu ya maombi: unaandika ombi lako kwenye simu, na Jumapili mchungaji anafungua orodha na kuyasoma yote mbele ya watu. Kila ombi lilikuwa na mstari wake, na kila mstari niliupa kimo kilekile, kwa sababu mistari iliyolingana ilinipendeza macho. Maneno yaliyozidi nafasi hiyo yalifichwa, hayakuonekana kwenye orodha. Nilisahau jinsi tunavyoomba. Kwetu kuanza na shida ni kukosa adabu. Unashukuru kwanza kwa uhai, kwa usingizi, kwa wageni, ndipo mwishoni kabisa unasema kilichokuleta.

Jumapili ya kwanza mchungaji alisoma orodha nzima, akafuta jasho kwa furaha.

"Haleluya! Juma hii hakuko mutu mwenye kulomba kitu! Bote banashukuru tu!"

Waumini wakatazamana. Mzee mmoja mwenye mbuzi mgonjwa aliningoja mlangoni, na aliyoniambia siyaandiki hapa. Sikujali sana, maana ombi la mama yule lilisomwa hivi: "Namushukuru Mungu juu ya huyu kijana mwenye kutaka binti yangu." Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Mchungaji akaagiza nirekebishe mambo, maombi yaleyale yasomwe upya Jumapili inayofuata. Kesho yake nikaielekeza programu ipime maneno kwanza, kisha ipe kila mstari kimo chake. Mistari ikajinyoosha. Mbuzi akatokea, mvua ikatokea, na paa la mtu linalovuja. Kisha nikaliona la mama yule likiendelea: "Lakini kama kuko mwingine mwenye ng'ombe, Baba, umulete mbio, mbele ya kumujibu huyu."

Niliumia, sitadanganya. Halafu ushetani ukanipanda. Nikaongeza agizo moja: mistari yote ifuate maneno yake, isipokuwa huu mmoja tu, ubaki na kimo cha zamani. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, nikajiona fundi kwelikweli.

Jumapili mchungaji alisoma mbuzi, akasoma mvua, akafika kwa mama yule, akasoma shukrani na kutaka kuendelea na mwingine. Mama akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Pasta, yangu haiyaisha."

Mchungaji akaitazama simu. "Mama, hapa imeisha."

"Ku simu ndiyo imeisha. Mu roho haiyaisha."

Akafumba macho, akainua mikono, akalimalizia mwenyewe, ng'ombe na yote, kwa sauti ya kufika Kikagate, kule mpakani. Kanisa zima likaitikia amina. Na mimi, kwa mazoea tu ya kukaa benchi la mbele, niliitikia kwa nguvu kuliko wote.