Msusi Aliyeishiwa Nywele

Emilienne amesuka vichwa vya Kabambare miaka kumi na tisa, na muda wote huo chakula chake cha mchana kilikuwa chai na mandazi mawili, kwa kuwa msusi haachi kichwa cha mtu katikati. Nywele zake mwenyewe zikaanza kumkimbia. Zilitangulia za mbele, zikafuata za pembeni, naye akafunga kilemba na kuwaambia wateja kwamba ni mtindo. Nani aliamini? Wawili walihamia kwa msusi mwingine mwenye nywele hadi mabegani, na jambo hilo lilimuuma Emilienne kweli kweli.

Akamwendea muuguzi Consolée kuomba dawa, naye hakumbembeleza. "Dada, unavuta nywele yako sana, na haukule kitu. Nywele nayo inaomba chakula. Kula sombe, kalanga, mayayi, samaki ya ndakala, maharagi. Pengine itarudi. Siyo miujiza."

Hilo la miujiza lilimpita. Tangu siku hiyo, ikifika saa sita, Emilienne alikiacha kichwa nusu akaenda kukaa mbele ya sahani. Mteja naye angekwenda wapi, upande mmoja misuko, upande mwingine kichaka? Alibaki kigodani akinung'unika na kunusa sombe ya msusi wake, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa kalanga.

Mwezi wa nne wa kula hivyo, Mama Rosine alishuka kwenye pikipiki kutoka Salamabila, matope hadi magotini, pamoja na binti yake Sonia, bibi harusi wa Jumamosi. Sonia akipendeza, mashangazi na wadogo zake wote wangekuja kusukwa pia. Lakini saa sita ilimkuta nusu kichwa, na Emilienne akainuka. Rosine akawaka.

"Unaacha mutoto wangu hivi? Na wewe, kichwa yako iko namna gani? Fungua tuone!"

Emilienne akashika fundo la kilemba. Kazi yote ya harusi ilikuwa chini ya kile kitambaa. Akakifungua. Mbele palikuwa na vinywele vifupi, laini kama vya mtoto mchanga. Rosine akalowesha kidole kwa mate, akasugua, akidhani ni masizi. Akasugua tena. Kidole kilitoka safi.

Akamwambia Sonia ageukie ukutani. Kisha akavua nywele za dukani alizokuwa amevaa, na chini yake hapakuwa na hata unywele mmoja.

"Mama," Rosine akamwambia Emilienne kwa sauti ndogo, "ile sombe yako, kalanga unatiaka ngapi?"

Emilienne akamsogezea kigoda, akaenda kuleta sahani ya pili.