Nilimpiga kwa Mti wa Bendera, na Mama Yake Akanitumia Mihogo

Mnaosoma hapa, msinionee huruma. Nilimvunja mwenzangu vidole, nikasema uongo juu yake, halafu nikapigiwa makofi mbele ya shule nzima. Jina langu sitalitaja. Siogopi polisi, naona aibu tu.

Mimi ni msichana, mzaliwa wa Nyamianda hapa Uvira. Wakati ule nilikuwa mwaka wa sita, mwaka wa mwisho wa sekondari, seksheni ya ujenzi. Darasa zima wasichana tulikuwa wawili. Siku niliyochaguliwa kuwa chef wa darasa, yaani kiranja, direkta wa nidhamu aliniita pembeni akaniambia: “Weye uko binti. Ukicheka nao, watakukalia ku kichwa. Fimbo njo itakufanya mutu mukubwa.”

Nilimwamini! Shuleni kwetu chef ndiye anayeandika majina ya wapiga kelele, na mwalimu akichoka kuchapa, chef anamsaidia. Mimi nilisaidia sana. Hata wavulana wenye ndevu walikuwa wakinyamaza nikipita.

Likizo ya Pasaka shule ikatupeleka kambini siku tatu, mlimani, juu ya mto Mulongwe. Kiongozi wetu alikuwa kijana mpole ambaye kazi yake ni kufundisha wanafunzi uongozi huko nje: kusoma ramani, kufunga kamba, kuwasha moto mvua ikinyesha, kulala chini ya turubai bila kugombana. Kila ekipe, yaani kikosi, ilipewa chef, kamba, na kibendera kilichofungwa kwenye mti mrefu. Aliponikabidhi wangu alisema mbele ya wote: “Huyu muti ni wa bendera. Hapa hakuna kuchapa mutu. Na ekipe inafika saa ule wa nyuma anafika.”

Nikaitika vizuri. Moyoni nikasema, huyu hatujui sisi.

Siku ya mwisho yalikuwa mashindano ya kushuka mpaka kambini. Ekipe yetu ilikuwa na watu sita, na tuliwaacha wengine mbali mpaka tulipofika mtoni. Maji yalikuwa ya magoti. Mmoja wetu akavuka na kamba, akaifunga ng'ambo, sisi tukafunga huku. Watatu wakamfuata. Tukabaki mimi na Bahati.

Bahati si jina lake, nimempa mimi. Wazazi wake ni wakulima wa Kiringye, kule bonde la Ruzizi, naye alikaa kwa mjomba wake hapa mjini ili asome. Jamani, mkono wake wa kuume! Mwalimu akikosea kuchora ngazi ubaoni, Bahati ndiye aliyeitwa kuinyoosha. Alikuwa amekwisha kuchora nyumba atakayomjengea mama yake, yenye baraza pana na chumba cha kuwekea mahindi. Alitembea na karatasi hiyo ndani ya daftari.

Basi Bahati akasimama pale ukingoni.

“Chef, tungoje. Maji iko inageuka rangi. Ona majani. Kule juu mvua iko inanyesha.”

“Jua iko inawaka, weye unaona mvua wapi?”

“Minye siangalie jua, niko naangalia maji. Tungoje kidogo tu, itapita.”

Nilijua anasema kweli! Hilo ndilo linaloniua. Mtoto gani wa Uvira asiyejua kwamba Mulongwe hunyeshewa mlimani na kuua mjini? Lakini nyuma yetu nilisikia firimbi ya ekipe nyingine, na ng'ambo wale wanne wakapiga kelele: “Chef, mwanaume amekukatalia!” Wakacheka.

Damu ikanipanda. Nikang'oa mti wa kibendera niliokuwa nimeuchomeka ukingoni, nikamchapa mgongoni. Akainama. Nikamchapa tena, na tena, mabegani, mbavuni, kiunoni, huku natukana matusi ambayo sikujua kwamba ninayo. Hakunirudishia hata kofi. Alisema tu, “Chef, basi, chef, basi,” na mimi kila neno lilinitia hasira mpya. Mwisho akainua mkono wa kuume kujikinga uso. Nikashusha mti kwa nguvu zangu zote.

Nilisikia vidole vikivunjika. Mpaka leo nikivunja kuni na kusikia mlio ule, naziacha.

Mnafikiri niliacha? Sikuacha! Nilimsukuma kwa ncha ya mti mgongoni: “Vuka!” Akaingia majini, ameshika kamba kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ameukumbatia kifuani. Mimi nyuma yake.

Tulikuwa katikati maji yalipokuja. Yalikuja ya rangi ya matope, na mawe ndani yake. Jiwe likanipiga mguu, kamba ikaniponyoka, nikazama. Nilikunywa matope, nikajua nimekufa.

Kitu kikanikamata mkanda wa begi. Nikatoa kichwa, nikamwona Bahati, meno nje, analia kwa sauti kubwa. Kwa mkono wa kushoto ameshika kamba. Mkanda wangu alikuwa ameuzungusha kwenye vidole vile vile vilivyovunjika, na uzito wangu wote na wa mto ulikuwa unavivuta. Alinishika hivyo mpaka fundo la upande tuliotoka likafyatuka, wenzetu wakavuta kamba na kututoa wote wawili.

Kiongozi akatukuta tumelala kwenye mawe. Akauliza kilichotokea. Bahati alikuwa bado anakohoa maji. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: “Aliteleza, mawe yakamuponda mukono. Minye nikamushika.”

Nilisema hivyo! Wale wanne hawakuona nani kamshika nani, maji yalikuwa juu yetu. Fimbo waliiona, lakini walikuwa wamecheka, na aliyecheka hana hamu ya kutoa ushahidi.

Hospitali walimkata vidole viwili. Vitatu vilivyobaki havikunjiki. Nilienda kumwona, nikalia, nikamwambia nitasema ukweli. Akageukia ukuta. “Acha vile. Minye mwanaume, nitasema nilipigwa na binti?” Nami nikashukuru! Nikatoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Juma lililofuata nikasimamishwa mbele ya bendera ya shule, nikaitwa mfano wa kiongozi. Bahati alifanya mtihani wa Taifa kwa mkono wa kushoto. Mistari yake ilikwenda kama njia ya mbuzi, akaanguka. Sasa yuko Kiringye, anafukuza ndege kwenye mpunga wa baba yake.

Baada ya mtihani mama yake akaja kwetu, gunia la mihogo kichwani. “Njo weye ulishika mutoto wangu mu maji?”

Nikasema, “Ndiyo, mama.”

Toka siku hiyo, kila mavuno, miaka mitatu, gunia lilikuja. Nyumbani walikula wakanisifu. Mimi ugali ule wa mihogo niliwasogezea wengine.

Mwezi uliopita nikashindwa. Nikapanda pikipiki mpaka Kiringye, nikamkuta mama anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti, nikasema yote, sikubakisha kitu. Nilitaka anipige. Kweli, nilitamani achukue mwiko, mchi, chochote.

Hakuacha kumenya. Akaniuliza: “Ulimupiga mara ngapi?”

“Sijui, mama.”

“Minye najua. Minye njo nilikuwa namuosha mugongo. Nilihesabu: kumi na moja. Akaniambia ni mawe.”

Akaingia ndani. Akarudi na gunia, limefungwa tayari kama kila mavuno, akaliweka miguuni pangu. “Hii ilikuwa yako. Beba. Ni ya mwisho.”

Nikaomba nisilichukue. Akasema, “Beba!” kwa sauti iliyonisimamisha. Nikalibeba mpaka barabarani, nikapita kando ya shamba la mpunga. Bahati aliniona. Aliendelea kurusha mawe kwa ndege, kwa mkono wa kushoto.

Wenzangu mnaopewa uchef, mnaokwenda kambini likizo hii, nawasihi! Mtu akikuambia maji yanageuka rangi, nyamaza utazame maji. Wavulana wakicheka, waache wacheke, kicheko hakivunji mfupa. Nanyi walimu mnaotupa fimbo tukiwa bado watoto, tuoneeni huruma, maana tunazipokea kwa mikono miwili.

Gunia liko jikoni. Nyumbani wananiuliza kwa nini halifunguliwi, na leo jioni, kabla hamjalisoma hili ninyi, nitakuwa nimewajibu ukweli wote.