Ombi la Baba Ng'ambo ya Sotik

Shangazi yangu aliolewa ng'ambo ya Sotik, kule sehemu zetu zinakoishia na watu wanaanza kupiga kura kinyume na sisi. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa mzaha tu. Kila uchaguzi baba alimpigia simu kumwuliza kama atakumbuka watu wa kwao, naye shangazi alimjibu kwamba kura yake ilikwenda siku ile ile ng'ombe walipokuja, kwa hiyo kama anaitaka arudishe ng'ombe. Wote wawili walicheka mpaka simu ikaisha salio.

Mzaha ulikwisha mwaka ule vijana walipoandamana mijini. Kifungua mimba wa shangazi alikuwa chuoni Nairobi. Alitoka na wenzake asubuhi, akapigwa risasi, akarudishwa nyumbani ndani ya jeneza. Baba hakwenda kumzika. Alisema barabara si salama na kwamba watu wa kule wakiona uso kutoka kwetu watauzomea. Huenda ilikuwa kweli. Lakini kabla ya mazishi alikuwa amesimama sokoni kwetu Kiptere, mbele ya watu, akasema kwamba mzazi akishindwa kumweka mtoto wake nyumbani asiilaumu serikali. Maneno hayo yalimfikia shangazi kabla ya siku mbili kwisha. Nani aliyeyapeleka sijui, na siku hizi hata sitafuti kujua.

Mimi pia sikwenda. Mimi ni mwalimu, na nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Nilikuwa nayo kweli, ila ingengoja.

Tangu hapo shangazi hakupiga simu. Baba naye, mkaidi kama punda wa maji, alijifanya hajali, lakini kila simu ilipolia aliuliza ni nani. Desemba iliyopita ndipo aliponiambia anataka tuende Krismasi kwa dada yake. Walizaliwa saba na wamebaki wawili. Hakutaka mmoja azikwe huku mwingine amenuna. Alitaka kumwambia pole, basi, na safari yote ilikuwa kwa ajili ya neno hilo moja.

Asubuhi ya safari tulijipekua kama watu wanaovusha magendo. Mume wangu alibandua stika kwenye kioo cha gari. Mimi nilimvua baba kofia ya kampeni, nikarudisha ndani mwavuli wenye rangi za chama, kisha nikamfungua koti nione kama hakuvaa ile fulana yenye picha. Baba alisimama ameinua mikono, akaniuliza kama nataka pia kuangalia soksi. Tulipofika Litein nilimwapisha: hakuna siasa, hata iwe ya diwani. Alikubali bila ubishi. Baada ya hapo nilimwona kwenye kioo midomo ikimcheza, na nikajua anafanya mazoezi ya kusema pole. Nilimpenda sana wakati ule, yule mzee wangu mbishi.

Shangazi alitoka kutupokea akiwa amejifunga leso kiunoni. Amekonda. Alitushika mkono mmoja mmoja, akianza na baba, akamsalimia kwa Kiswahili ingawa wana lugha yao waliyonyonyeshwa nayo. Kaburi liko mbele ya nyumba, limejengewa vigae vyeupe, na tuliegesha gari hatua chache kutoka pale. Huko kwao mtu huzikwa mlangoni kwake na maisha yanaendelea kando yake. Kwetu wazee hawakuzoea makaburi, na baba hupita penye kaburi akiangalia upande mwingine. Basi akaangalia zizi. Akasifu ng'ombe wa shemeji yake. Akasifu majani ya kulishia. Mimi nilikuwa nyuma yake nikisema moyoni, sema sasa, sema. Akasifu tangi la maji.

Chakula kilikuwa tayari mezani: kuku, ndizi za kupika, ugali wa wimbi, chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Tulinawa mikono. Mume wa shangazi, mtu mpole asiyependa makuu, akasema kama inavyosemwa katika kila nyumba ya Wakristo sehemu hizi, kwamba mgeni atuombee.

Nilikuwa nimemwapisha kuhusu mazungumzo, na nikasahau maombi.

Baba ni mzee wa kanisa. Ombi lake nalijua kama njia ya kwenda mtoni. Huanza na shukrani ya safari, huenda kwa mikono iliyopika, kwa wagonjwa, kwa mvua na majani chai, kisha kwa viongozi, kisha kwa vijana, halafu amina. Ameomba hivyo kila Jumapili tangu nikiwa msichana. Kwake hiyo si siasa. Mazoea yana taabu, walisema waliosema, na mimi nilikaa pale nikiisikiliza taabu ikija kituo kwa kituo. Alipofika kwenye majani chai nilimkanyaga mguu chini ya meza. Aliuvuta mguu wake taratibu, akampisha aliyemkanyaga.

"Baba, tunaombea rais wetu, umpatie nguvu," alisema. "Wale wanamsumbua, Bwana, uwanyamazishe. Na hawa vijana wanabeba mawe kwa barabara, wao hawana makosa, ni kudanganywa. Warudishe nyumbani kwa wazazi wao."

Macho yangu yalikuwa wazi. Shangazi pia alikuwa amefungua yake. Alikuwa anatazama picha ukutani, ya kijana mwenye sare ya shule, akiitazama tu, mikono imekunjwa mapajani. Mume wake alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua.

Baada ya neno "wazazi" baba alinyamaza. Kisha, badala ya kusema amina, akaanza tena. Akaombea mvua mara ya pili. Akaombea wasafiri, wajane, mifugo, walio hospitalini na walio gerezani, shule zote na walimu wake. Sauti yake ilikuwa inashuka. Sijawahi kumsikia akiombea vitu vingi namna ile, na nilielewa kwamba amejua alichofanya na hajui atokee wapi. Ugali ulipoa. Hakuna anayemkatiza mtu anapoomba, si kwetu wala kwao. Ningefanya nini? Ningekohoa? Ningeangusha sahani? Nilifikiria hata hilo.

Ni shangazi aliyesema, "Amina."

Baba alikatika katikati ya sentensi. Tukaitikia sote, mimi nikiwemo, kwa sauti.

Shangazi akafunua chapati. Alikuwa akimpakulia baba, nyama nzuri nzuri, alipomwambia bila kuinua sauti, "Kijana yangu alirudi. Walimleta na gari, tukamzika hapo nje. Ni wewe hukukuja."

Akamwekea sahani mbele yake, akamkaribisha ale.

Tulikula. Mume wa shangazi aliuliza kama kwetu mvua imenyesha, baba akajibu kwamba imenyesha kiasi. Mume wangu alisifu kuku. Nilimsubiri baba aseme pole, lakini niliona jinsi ilivyomkwama. Baada ya ombi lile, pole ingesikika kama mtu anayekanyaga kidonda kisha anauliza kama kinauma. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma, na vyote viwili havikunisaidia kitu.

Wakati wa kuondoka shangazi alitupakilia mkungu wa ndizi. Baba alimshika mkono akakawia kuuachia, akafungua mdomo. Shangazi akasema mvua inakuja, tusije tukachelewa, na karibuni tena. Aliyasema hayo vizuri, kwa heshima, kama unavyomwambia mtu yeyote aliyepita kwako. Kisha akaenda kutoa nguo kwenye kamba.

Tuliendesha mpaka Sotik. Pale mume wangu alisimama kununua mkate, tukabaki wawili garini. Nilimwuliza baba kwa nini hakukoma alipojua. Nilimwuliza kwa ukali, kama ninavyomwuliza mtoto darasani.

"Nilikuwa nimefunga macho," alisema. "Nikaogopa kufungua."

Yangu yalikuwa wazi tangu alipoanza, na nilikaa pale mezani nikimwangalia shangazi mpaka mwisho.