Kompyuta Iliyomrudishia Maalim Mukhtar Darasa Lake

Maalim Mukhtar hakuzaliwa kipofu. Alizaliwa kisiwani Chovae, akasoma Kismayo, na ujana wake akaupitisha katika ofisi ya bandarini akipiga taipu. Vidole vyake vilijua kila herufi ilipo bila msaada wa macho. Vita vilipomtoa nyumbani aliishi kambini Kenya, kisha Mombasa, na huko kote alifundisha watu kusoma. Aliporudi Kismayo alianzisha darasa la kina mama walionyimwa shule na ukimbizi. Hakupata kitabu cha kuwafaa, basi masomo akayatunga mwenyewe: habari za soko, za nyavu, za maradhi ya watoto. Aliyapiga chapa kwenye kompyuta na kuyagawa kwenye karatasi.

Kisha presha ya macho ikawa inamla nuru kidogo kidogo, na mwaka jana ikaimaliza. Kupiga herufi aliweza bado; kujua alichoandika hakuweza. Siku moja vidole vyake vilihama kitufe kimoja kando, na kina mama wakapewa ukurasa mzima wa upuuzi.

Bwana Mbwana, mwenyekiti wa kamati ya darasa, alimfuata nyumbani.

"Maalim, sikuonei. Lakini mwalimu asiyeweza kusoma somo lake atamsahihisha nani? Tukifungua baada ya Idi, ama uwe unasoma, ama tutafute mwingine."

Maneno makali, lakini ya haki. Kina mama wale walikuwa wamekwisha kupoteza miaka mingi; haikufaa wapotezewe mingine kwa sababu watu wazima wanaoneana haya.

Simu ya kioo haikumfaa, kwa kuwa haina vitufe vya kupapasa. Alichokuwa nacho ni kompyuta nyeupe ya mkononi aliyoletewa na bintiye Swabra kutoka Ulaya, nayo ilikuwa na umri wa kuolewa. Prosesa yake ni ya aina isiyotengenezwa tena kwa kompyuta za nyumbani, na programu za leo haziielewi. Kijana mmoja wa dukani sokoni aliigeuza geuza akacheka.

"Maalim, hii kaangie samaki. Nunua hii nyingine, programu zote nimekuwekea bure."

"Mwenye programu amekuruhusu?"

"Mwenyewe yuko mbali sana, Maalim."

"Mungu yuko karibu," akasema Mukhtar, akachukua fimbo yake akatoka.

Wengi wetu tungalinunua. Tunaona haramu kuiba nyavu ya jirani, lakini kazi ya akili ya mtu tunaichota kama mchanga wa pwani. Umbali wa mwenye mali hauhalalishi wizi.

Mkewe, Zaituni, ndiye aliyempeleka kwa Shamsa, binti wa marehemu fundi saa, ambaye sasa anatengeneza simu katika duka lile lile la babake. Shamsa hakucheka. Alisema uko mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Linux, na wako watu wa kujitolea wanaoutunza hata kwa mashine zilizotupwa na watengenezaji wake. Tena ndani yake kuna programu inayosoma maandishi kwa sauti, na Kiswahili inakijua.

"Nao ni wa halali?" Mukhtar akauliza.

"Halali kabisa. Ni kama kisima cha wakfu. Unateka, unampa mwenzio, ukiweza unakichimba zaidi. Kukizungushia ua ndiko marufuku."

Mukhtar akakaa kitako.

Shamsa alichoma sidii, yaani akaunakili mfumo huo juu yake, akaunga simu yake kwa waya kupata mtandao, na mfumo ukaingia. Ila betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila alipoiwasha ilimbidi aiandikie upya tarehe na saa. Alifanya hivyo kwa uangalifu, akitazama saa ya ukutani ya babake. Kisha alipotaka kuvuta programu ya sauti kutoka mtandaoni, kompyuta ikakataa. Akabadilisha waya, ikakataa. Akachoma sidii nyingine, ikakataa. Ramadhani ilikuwa ukingoni.

"Nisomee inasemaje," Mukhtar akamwambia asubuhi moja.

"Inasema orodha ya programu, iliyotiwa sahihi na watunzaji wake, bado haijaanza kutumika. Eti nisubiri saa nyingine kadhaa."

"Orodha imetiwa sahihi lini?"

"Leo asubuhi hii hii."

"Na kompyuta umeiambia sasa ni saa ngapi?"

Shamsa akainua macho ukutani. "Saa nne, kama ilivyo."

"Nne ya nani, mwanangu?"

Saa ya babake, kama za wazee wengi wa pwani, ilitegwa kwa hesabu yetu: jua likishachomoza, saa moja. Kompyuta huhesabu tangu saa sita za usiku. Kwake yeye, saa nne ni kabla ya alfajiri, na orodha iliyotiwa sahihi asubuhi ilikuwa imetoka katika saa ambazo bado hazijafika. Kukataa kwake kulikuwa uaminifu.

"Ole wangu!" Shamsa akapiga makofi. "Nimeiamsha wakati wa daku, halafu naigombeza kwa nini haifanyi kazi!"

Akaandika kumi. Programu zikaanza kushuka, na kabla ya adhuhuri sauti nzito, kavu, ikasoma jina la Mukhtar.

Zaituni aliruka, lahaja ya kwao ikimtoka. "Huyu mchu ni wa wapi? Ana mafua?"

"Mwache na mafua yake," Mukhtar akasema, machozi yakimtoka. "Anasoma."

Baada ya Idi, Bwana Mbwana alikuja na flashi yenye ukurasa aliouandika mwenyewe, habari ya mtoto anayeharisha. Mukhtar alivaa visikilizio, akasikiliza hadi mwisho.

"Sentensi ya tatu umeirudia. Hilo dogo. Lakini umeandika mtoto akiharisha anyimwe maji. Hilo linaua, bwana. Huyo ndiye wa kupewa maji, yenye chumvi kidogo na sukari."

"Sisi tulilelewa hivyo," Mbwana akasema polepole.

"Basi na mwenyekiti aandikishwe darasani," Zaituni akadakia kutoka jikoni.

Mbwana akacheka kwa aibu, akatoa mfukoni ufunguo wa darasa, akauweka katika kiganja cha Mukhtar.

Jioni ile Maalim aliwaandikia wale watunzaji wa mfumo, watu ambao hatujui dini zao wala nyuso zao. Hakutafuta wa kumsomea. Alijisikiliza mwenyewe, akasahihisha, akatuma. Aliwaambia kwamba Kismayo wako watu wanaowaombea. Nami ni mmoja wao, na sioni haya kusema hivyo.

Somo la kwanza lilikuwa lile la mtoto na maji, likiwa limesahihishwa. Kina mama walilisoma kwa zamu, naye akisikiliza. Mwanalima, mkubwa wao, aliruka mstari, akarudishwa. Alipomaliza aliomba karatasi ya pili, ampelekee mkwewe kisiwani Chula.