Sanda Niliyomnunulia Dada

Dada yangu alipasuliwa Dar es Salaam. Walimtoa kichwa cha kongosho kilichokuwa na saratani, pamoja na kipande cha utumbo. Siku ya sita, pale walipounganisha pakaanza kuvuja. Maji makali yalitoka kwa mrija ubavuni yakimchoma ngozi, na homa ikapanda. Daktari alisema mara nyingi huziba penyewe, tusubiri.

Mimi si mtu wa kusubiri. Tiketi yangu ya ndege ya Maskati ilikuwa mfukoni, ya siku tatu mbele, na niliona dada hatapona.

Nilimwambia dada navuka kwenda kwetu kumletea kanga zake. Kumbe nilishuka Unguja nikaenda Mlandege, kwenye duka la vitambaa, nikaomba sanda ya mwanamke. Muuzaji akauliza amefariki saa ngapi. Nilishindwa kusema bado yu hai.

"Alfajiri," nikajibu.

Akamwombea rehema, akauliza maziko wapi, ili naye aje kusali. Nikamtajia kwetu Uroa, baada ya alasiri. Nilipofika huko nikaificha sanda chini ya nguo, ndani ya sanduku la dada, nikachukua kanga, nikarudi hospitali. Siku ya tatu nikapanda ndege.

Pale palipovuja palichukua wiki tano kuziba. Nilipopigiwa simu kwamba ametoka hospitali nilifurahi, lakini kurudi nikaona haya. Maskati, Salala, Mombasa, miaka sita nikizunguka na kuikumbuka harufu ya udi ya nyumba yetu ya Uroa.

Mwaka huu nimerudi. Dada amekonda. Hali chochote bila vidonge vyake vya kumsaidia kusaga mafuta ya chakula, na kabla ya kula hujidunga sindano ya kisukari. Vipimo vyake vya saratani bado safi. Alinipakulia wali, kisha akaniwekea ile sanda pajani.

Nikamweleza yote, hata ule uongo wa alfajiri. Sikuweza kumtazama.

"Yule bwana wa duka alikuja kuzika," akasema. "Kavaa kanzu, na mwenzake. Majirani waliwapa maji, wakawambia hapa hapana maiti. Nshajua siku nyingi."

"Mbona hukunambia?"

"Ungerudi?"

Akameza kidonge, akaanza kula polepole.

"Ikunje, uirudishe sandukuni," akasema. "Na safari hii usubiri nife kwanza."

Niliikunja vibaya, akanipokonya akaikunja mwenyewe. Kesho yake nilikwenda Mlandege kumtaka radhi yule muuzaji. Nilipita mbele ya duka mara mbili. Alikuwemo, anapima kitambaa. Sikuingia.